Picha Ambayo Mama Aliniomba

Tangazo la kifo cha jirani yetu wa nyumbani Matayos liliingia kwenye simu yangu Jumanne asubuhi, na mimi kwa kiherehere changu nikampelekea mama pale kwenye kochi alione. Siku hizi kwetu mtu hamalizi saa mbili mochari kabla picha yake haijaanza kuzunguka kwenye simu za watu, imewekewa maua pembeni na mshumaa chini. Ya huyu jirani walikuwa wameitoa kwenye kitambulisho. Mwanamke niliyemjua kwa kicheko chake, kilichokuwa kikisikika kutoka sokoni mpaka barabarani, alikuwa ametukodolea macho kama mtu anayetafutwa na polisi.

Mama aliitazama, akanirudishia simu.

"Hawakuwa na ingine?"

"Labda walitafuta wakakosa."

"Watoto sita, wote wana simu, wakakosa." Akavuta leso yake magotini. "Mimi msiniweke hivyo. Nitafutie picha yangu, mama, nichague mwenyewe nikiwa bado naona."

Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Wakati huo alikuwa amekaa kwangu Malaba miezi minne. Ugonjwa ulikuwa kooni. Ulianza kwa ugali kukwama, ukaja wali, mwisho hata uji ilibidi niuchuje kwa kitambaa. Daktari alikuwa ametuambia ukweli kwenye korido, mimi na kaka yangu, akiongea kwa sauti ya chini huku akitazama saa yake. Mama hatukumwambia kitu. Lakini mtu aliyelea watoto na kuzika mume haambiwi mambo ya aina hiyo, anayasoma usoni mwako unapoingia na kikombe.

Nilimjibu kwa ukali, maana ndivyo nilivyo nikiogopa. Nikamwambia aache maneno hayo, kwanza amalize uji. Nikampigia kaka yangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Busia mjini, naye akasema huko ni kuita mauti na mimi nisikubali. Mama akanywa uji vijiko vitatu, akaweka kikombe chini, akarudia. Picha yake, achague mwenyewe. Na masharti yalikuwa mawili: isiwe ya kitambulisho, na isiwe amesimama kando ya jeneza la mtu. Alisema hataki kutokea kwenye matanga yake akiwa bado yuko kwa matanga ya mwingine.

"Picha ya harusi yako je?"

"Ile mchwa walikula upande wa baba yako. Na huyo ni msichana. Watu watauliza ni nani amekufa."

Nikacheka, yeye hakucheka. Basi nikamwahidi. Nilimwambia anipe wiki mbili, na picha zake ziko nyingi mpaka atachoka kuchagua. Nilisema hivyo kwa kujiamini kabisa.

Niwaambie kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Kazi yangu ni makaratasi. Kwa miaka kumi na saba nimekaa katika ofisi ya wakala wa forodha, dirisha likitazama foleni ya malori, nikiandaa hati za mizigo inayovuka kwenda Uganda. Kazi hiyo imenifundisha jambo moja ambalo nimelibeba mpaka jikoni kwangu: nakala mbili ni balaa. Lori likiwa na hati mbili, ya kwanza yenye kosa na ya pili iliyorekebishwa, afisa akiziona zote mbili atauliza ipi ndiyo ya kweli, na dereva atakaa pale mpaka anuke. Kwa hiyo ukirekebisha, ile ya kwanza unaichana hapo hapo. Ya mwisho ndiyo halali. Wafanyakazi wapya nawaambia hivyo siku ya kwanza, na asiyesikia namwambia mara ya pili kwa sauti ambayo hataisahau. Najua wananiita jina fulani nyuma ya mgongo wangu, nami sijali, maana malori ya ofisi yetu hayalali barabarani.

Sasa picha zenyewe zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Nyingine zilikuwa kwenye kompyuta, nyingine kwenye simu tatu za zamani, moja ikiwa na kioo kilichopasuka. Kulikuwa na flashi ambazo nilikuwa nimesahau kama ni zangu, na kadi za memori ndani ya bahasha ya dawa za malaria. Nilipozikusanya zote kwenye diski moja, kompyuta ikaniambia ni zaidi ya elfu kumi na nane. Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Kwani ulikuwa unapiga picha Kenya yote?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa napiga picha matanga. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza katika ukoo kuwa na simu yenye kamera nzuri, na tangu siku hiyo nikageuzwa mpiga picha wa familia bila kuulizwa. Sisi tunaonana kwenye mazishi. Wa Port Victoria wanakuja, wa Moding wanakuja, wale walioolewa ng'ambo ya mpaka wanavuka, na kabla ya jeneza kushushwa, mtu wa maikrofoni anaanza kuita watu kwa makundi wapigwe picha na marehemu. Watoto wa marehemu. Wajukuu. Wakwe. Mashemeji. Waliosoma naye. Wanakwaya. Kila kundi linajipanga nyuma ya jeneza, warefu nyuma, wafupi mbele, na mimi nimesimama juani na simu yangu, nikipiga kundi baada ya kundi kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Harusi zilikuwepo pia, na ubatizo, na krismasi kadhaa nyumbani Matayos. Lakini ukichota picha zangu kwa mkono bila kuangalia, utatoka na jeneza.

Mtu mwenye akili angefungua picha moja moja na kutafuta mama yake. Mimi nilisema hapana, kwanza usafi. Huwezi kutafuta faili kwenye ofisi chafu. Nilijipangia: siku za mwanzo nitaondoa zile zinazojirudia, halafu nitazipanga kwa mwaka na kwa tukio, kisha nitatengeneza folda ya mama peke yake, nimwekee mbele yake achague. Mpango huo niliuandika kwenye karatasi nikaubandika ukutani. Nilijiona mjanja.

Nilifanya kazi hiyo mchana, Jumamosi, na Jumapili tukitoka kanisani, na siku za kazi nilipoweza kutoroka mapema. Mvua ilikuwa ikinyesha kila siku wiki hizo, malori yamesimama nje na maji yakitiririka kwenye maturubai. Mama alikaa nyuma yangu kwenye kochi, amejifunika, akitazama skrini juu ya bega langu. Nilifurahi kwamba ana kitu cha kumshughulisha.

Kila tukio nilikuwa nimelipiga mara mbili, tatu, hata tano. Kundi lile lile la wakwe, picha tano. Nikachukua kanuni yangu ya kazini nikaitia hapo: ya mwisho ndiyo halali. Kama nilipiga mara tano ni kwa sababu nne za kwanza zilikuwa na kasoro, ama mtu amefumba macho, ama mtu amepita mbele. Sikuwa na haja ya kuziangalia. Nilichagua zile za mwanzo kwa pamoja, nikabonyeza, zikaenda. Kidole changu kilizoea mpaka kikawa kinakwenda chenyewe.

"Hiyo unaitoa?" mama aliuliza siku ya kwanza.

"Natoa. Ni mbaya, kuna mtu ameziba."

"Aa. Sawa."

Baadaye kidogo akauliza tena.

"Na hiyo?"

"Hiyo pia. Mama, ukiniuliza kila moja hatutamaliza."

Akauliza mara mbili tatu nyingine siku hiyo. Siku ya pili hakuuliza. Alitazama tu, na alipochoka akalala. Kila nilipomaliza nilifungua lile pipa la takataka la kompyuta na kulimwaga lote, kama tunavyochana hati za zamani ofisini kabla ya kufunga mlango. Simu za zamani nazo nilizifuta zikabaki tupu, zile kadi nikazisafisha. Ilipofika mwisho wa wiki, picha elfu kumi na nane zilikuwa zimebaki elfu sita na kitu. Nilimwambia kaka yangu kwenye simu kwa majivuno kwamba sasa nimeweka nyumba katika mpangilio.

Wiki ya pili nikafungua folda mpya, nikaiita Mama, nikaanza kumtafuta.

Nilimpata kwenye matanga ya baba, amesimama upande wa kichwa cha jeneza na kitambaa cheupe, macho yamevimba. Nikampata kwenye matanga ya dada yake, na ya shemeji yake wa Moding, na ya mtoto wa kaka yangu. Picha hizo hazikutakiwa, lakini niliziweka kando. Nikaenda kwenye harusi. Nikaenda kwenye krismasi. Nikaenda kwenye siku ile niliyohitimu kozi yangu ya forodha, ambapo alikuja na gauni la kijani lililoshonwa kwa siku mbili. Kwenye picha ya mahafali, aliyonipigia mwenzangu wa darasa, niko mimi, na kaka, na shangazi, na jirani ambaye hata sikumwalika. Mama hayuko.

Nilifikiri nimekosea folda. Nikarudi mwanzo. Nikapita tena harusi ya kaka yangu, picha zaidi ya mia mbili, taratibu, nikikuza kila moja mpaka sura za watu zikageuka madoadoa. Hapo ndipo nilipoanza kuona kiwiko.

Kilikuwa kwenye ukingo wa kushoto wa picha ya wakwe. Kiwiko cha mwanamke na kipande cha kitenge cha njano, basi. Picha iliyofuata kulikuwa na kiatu, kiatu cha mama cha kahawia ambacho kisigino chake kilikuwa kimegongwa msumari. Kwenye ubatizo kulikuwa na mkono ulioshika taulo. Kwenye krismasi kulikuwa na pindo la sketi linalotoka mlangoni. Nilipojua ninachokitafuta nilikiona kila mahali. Mama yangu alikuwa kwenye mamia ya picha, na kwenye zote alikuwa ndio anatoka.

Kisha nikaangalia namba za picha, kwa sababu mimi hutazama namba. Zilikuwa zinaruka. Mia nne na kumi na mbili, halafu mia nne na kumi na tano. Mia nne na kumi na tisa. Pale katikati palikuwa na kitu, na mimi ndiye niliyekichana.

Nikakumbuka yote kwa mara moja, na sauti yangu mwenyewe ndiyo iliyonijia kwanza. Mama alikuwa mke wa mwana wa kwanza. Kwenye kila shughuli ya ukoo yeye ndiye aliyepanga watu. Mtu wa maikrofoni akiita wakwe, mama ndiye aliyewavuta mikono wakajipanga, akawarudisha wazee nyuma, akamnyoosha mtu kola, akamfuta mtoto kamasi kwa ncha ya kanga, akasema neno moja la utani kundi zima likacheka. Na mimi nikiwa nimeinua simu tayari, nikibonyeza ya kwanza, yeye bado yuko katikati na mkono hewani na mdomo wazi kwa kicheko. Halafu nasema, "Mama, toka kidogo, unaziba." Anatoka. Nabonyeza ya pili. Ya pili ni safi.

Kwa miaka yote hiyo nilimwambia maneno hayo. Sikuyasema kwa ubaya, ningeapa kwa lolote, niliyasema kama mtu anavyosema pisha. Picha zile za kwanza, mbovu zile, ndizo pekee ambazo mama yangu alikuwa akicheka. Nilikuwa nazo zote ndani ya nyumba mpaka wiki iliyotangulia.

Kesho yake nilibeba diski nikaenda Busia kwa fundi mmoja wa kompyuta ambaye watu walinisifia. Alikuwa mtu mzima, mpole, na chumba chake kimejaa mashine zilizofunguliwa. Aliniuliza kama baada ya kufuta niliongeza kitu kingine kwenye diski hiyo. Nikamwambia ndiyo, nilizipanga upya zote, nikahamisha huku na huku, nikatengeneza folda mpya.

"Dada, ungeiacha tu vile ilikuwa."

"Boss, nifanyie unachoweza."

Alifanya kazi siku mbili. Akanipigia akasema kuna vitu vimerudi lakini nisijipe matumaini. Nilikaa kwenye stuli yake tukazifungua. Nyingi zilikuwa kijivu tupu. Nyingine zilikuwa na ukanda wa anga juu, au paa la hema, kisha kijivu mpaka chini. Moja ilikuwa ya mama. Kilikuwepo kitambaa chake cha kichwa chenye maua mekundu, na paji la uso, na macho mawili yaliyokunjika pembeni kwa kucheka. Chini ya macho picha ilikatika, ikawa kijivu.

Nilimuuliza fundi kama anaweza kurudisha mdomo. Nilijua ni swali la kipumbavu. Akaniambia kwa upole kwamba mdomo haupo tena mahali popote. Nikamwomba kaka yangu anisubiri dukani kwake, na nilipofika sikuweza kumwambia kilichotokea, nikamwambia nimepita kumsalimia. Yeye picha alizokuwa nazo ni zile nilizokuwa nikiwatumia kwenye grupu ya familia, na mimi nilikuwa natuma zilizo safi tu.

Mama alikuwa ananisubiri. Wiki mbili zilikuwa zimeisha na alikuwa anazihesabu, nami nilikuwa nimeanza kumkwepa, nikiingia na uji nikitoka haraka. Jumatano hiyo aliniambia nikae chini. Alikuwa amepungua sana hata kwa zile siku chache, pete ya ndoa ilikuwa imehamia kwenye kidole gumba.

"Umezipata?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeandaa uongo kabisa, kwamba diski imeharibika, kwamba ni umeme. Lakini alinitazama tu, na mimi sijawahi kumdanganya mwanamke yule nikafika mbali.

"Mama, picha zako nilizifuta. Mimi mwenyewe. Nilikuwa nasafisha."

"Najua."

"Unajua vipi?"

"Si nilikuwa nimekaa hapa? Nilikuwa naona."

Hasira ilinipanda, hasira ya kijinga, juu yake na si juu yangu.

"Sasa mbona hukuniambia? Ulikaa hapo unaniangalia nikikutoa na ukanyamaza?"

"Nilikuuliza," mama akasema. Alisubiri mate yashuke, ilikuwa kazi. "Ulisema ni mbaya. Nikafikiri umeniona, na unachagua zile unapenda."

Nililia pale chini kwenye mkeka kwa sauti, mimi ambaye wafanyakazi ofisini hawajawahi kuniona hata nikipangusa jicho. Nilimwambia sikumwona. Nilimwambia kwamba hata sikuwa naangalia. Nilidhani hilo litamfariji, na nikaona usoni mwake kwamba halikumfariji, kwamba labda lilikuwa baya zaidi. Aliniwekea mkono kichwani. Ulikuwa mwepesi sana.

"Wacha kulia, mama. Nipige nyingine."

Awali alikuwa amekataa katakata kupigwa picha akiwa mgonjwa. Sasa alisema hata mwembamba bado ni yeye. Alhamisi sikwenda kazini. Niliwapigia nikawaambia malori yatanisubiri, na kama hayawezi basi yaende. Mvua ilikuwa imetulia asubuhi hiyo na mwanga uliingia vizuri dirishani. Nilimwogesha, nikampaka mafuta, nikamvalisha blauzi nyeupe ya akina mama wa kanisa na kitambaa chake. Blauzi ilikuwa imekuwa kubwa, kwa hiyo nilikunja leso mbili nikaziweka mabegani kwa ndani. Alijitazama kwenye kioo, akasema sasa anafanana na mwalimu mkuu. Nikamketisha katikati ya kochi, lile la watu watatu, nikamwekea mto mgongoni.

Nilirudi hatua nne nyuma. Nikainua simu. Kwenye skrini kochi lilikuwa tupu katikati, na mama alikuwa ameketi mwisho kabisa upande wa kushoto.

"Mama, rudi katikati."

"Niko katikati."

Nilishusha simu. Alijitazama, akaona alipo, akashangaa kidogo. Nikamsaidia kurudi. Nikamwekea na mto mwingine ubavuni. Nikarudi nyuma hatua nne, nikainua simu, na nilimwona kwa macho yangu mawili. Mkono wake wa kulia ulishika mkono wa kochi. Ule wa kushoto ulikusanya sketi. Na akajivuta, polepole, kwa nguvu zile kidogo alizokuwa nazo, akipisha.

"Hakuna mtu mwingine anaingia," nikamwambia. "Ni wewe peke yako."

"Naelewa."

"Basi usisonge."

"Sisongi."

Alikuwa anasema kweli, hakujua kwamba anasonga. Nilijaribu kumhesabia moja mbili tatu. Nilijaribu kupiga nikiwa nimeketi sakafuni, simu nimeificha nusu. Nilijaribu kuongea naye habari za shamba la Matayos ili asahau, na alisahau kweli, akawa ananiambia ni nani anafaa kupewa kipande cha kule chini. Lakini nilipoinua mkono tu, mwili wake ulikumbuka. Nilipiga picha kumi na moja. Kwenye zote kumi na moja yuko pembeni, au anaelekea pembeni.

Nikaketi karibu naye nikamwonyesha moja moja, na safari hii nilikuwa naangalia. Alizipitia mara mbili. Alichagua ya tisa. Ameketi mwisho wa kochi, mgongo wima, mikono imekutana mapajani, na uso umegeuka kidogo kuelekea ile nafasi tupu, kwa tabasamu dogo la mtu anayemkaribisha mgeni akae.

"Hiyo," akasema.

"Naweza kukata hapa kando, utokee katikati."

"Usikate. Wacha vile iko."

Nilimuuliza kama ana hakika, akasema ana hakika, na amechoka, anataka kulala. Nikaihifadhi mahali pawili, kisha pa tatu, na hizo nyingine kumi sikuzigusa. Ziko mpaka sasa. Mama aliishi siku kumi na saba baada ya hapo. Alifariki Jumapili adhuhuri, mimi nikiwa nimemshika mkono na kaka yangu yuko njiani kutoka Busia.

Kamati ya mazishi ilitaka picha kabla ya jua kutua, ili tangazo litoke. Kaka yangu alipoiona ile ya tisa alisema haifai, nusu yake ni kochi, watu watacheka. Vijana wa kutengeneza tangazo walijitolea kuikata na kuweka maua. Nilikataa. Tuligombana kwa simu kwa sauti ya juu, mimi na kaka yangu, huku mama yuko mochari, na nilimwambia maneno ambayo baadaye nilimwomba msamaha kwayo. Lakini picha ilitoka ilivyo, kwenye tangazo na kwenye karatasi za ibada, mama upande wa kushoto na kochi tupu limejaa mahali pengine pote.

Tulimzika Matayos, Ijumaa. Mtu wa maikrofoni aliita makundi kama kawaida, watoto, wajukuu, wakwe, nami nilisimama mahali pangu nyuma ya jeneza bila simu mkononi. Baada ya hapo, watu tulipokuwa tukipakua chakula, shangazi mmoja alinivuta kando na ile karatasi. Halafu akaja mke wa binamu yangu, halafu mzee mmoja wa kanisa. Kila mmoja alikuja kwa wakati wake, na kila mmoja aliweka kidole pale kando ya mama na kuniuliza kwa sauti ya chini ni nani alikuwa ameketi hapo, na alikosea nini hata nikamfuta.

Niliwaambia hapakuwa na mtu, na hawakuniamini.